Nilivyomwona buibui mwenye mlango kule Corfu

Wenzangu wa Athens walinishikilia: Corfu, kisiwa cha Ugiriki, bila kukodi gari ni kupoteza hela. Maneno matupu. Basi linaingia lenyewe kwenye feri pale bandari ya Igoumenitsa, na ukishuka mjini kuna mabasi ya buluu hadi Perama, ambako Gerald Durrell, yule Mwingereza aliyekuja kuandika vitabu vya wanyama, na mama yake mjane walipanga nyumba yao ya kwanza mwaka 1935. Nauli haikunikondesha.

Nyumba waangalie wengine. Mimi nilimfuata buibui. Durrell alikuwa na miaka 10, akijaza nge na nyoka humo ndani huku kaka mmoja akiandika riwaya na mwingine akifyatua bunduki. Rafiki wa familia, daktari Theodore Stephanides, ndiye aliyemweleza habari za buibui anayechimba shimo na kulifunika kwa mlango, bawaba yake utando.

Muuza safari mmoja akaniambia niende mchana, nichokoe udongo kwa kijiti. Jua la utosi, kwenye mizeituni, nachokoa kila kitundu, wanatoka sisimizi wenye hasira. Mama Zuhura kakaa kivulini: "Baba Zuhura, nauli yote hii kufuata buibui? Tanga si wamejaa chooni?"

Sasa sikilizeni fundi. Nilirudi usiku. Nikachagua ukingo wa udongo ulioinuka kando ya njia, usio na majani mengi (vaa viatu vya kufunika, nge bado wapo). Ukimulika moja kwa moja huoni kitu, kwa sababu mlango umepakwa udongo uleule wa jirani. Mimi nililaza tochi ubavuni, mwanga ukaambaa juu ya udongo, na chochote kilichoinuka kikatupa kivuli. Buibui akiwinda huuinua mlango kidogo tu, miguu ya mbele ikiwa kizingitini. Nikaona kivuli chembamba kama ukucha uliokatwa. Nikagusa pembeni kwa jani kavu. Pa! Pakafungwa, ukingo ukawa mtupu kana kwamba sijaona kitu. Nikajaribu kuinua taratibu kwa ncha ya kisu, naye akawa anavuta kutoka ndani! Nguvu ile, mwili wenyewe huo mdogo! Nikamwachia, maana ukivunja bawaba umembomolea nyumba.

Mama Zuhura akaninyang'anya tochi. Wa kwake aliupata upesi, tena mpana kuliko wangu, na kila mgeni anayekuja kwetu lazima aelezwe hivyo.