Kipande cha pini kwenye droo

Juzi binti yangu alikuwa akitafuta betri kwenye ile droo ya kila kitu, akaibuka na kipande cha chuma kifupi kuliko kidole changu cha mwisho. "Baba, hiki nacho cha nini?" Upande mmoja kina kichwa cha bolti, upande wa pili kimekatika wima, safi, kama muwa. Nikamwambia ni takataka. Kisha nikakirudisha drooni, naye akaniona.

Ulikuwa msimu wa kwanza wa mashine yetu ya kurusha theluji, ile inayoikokota theluji njiani na kuitupa pembeni. Niliitunza kama mtoto mchanga. Ilipotimiza saa tano za kazi nilimwaga oili iliyokuja nayo, nikatia mpya. Nilipima upepo wa matairi, maana moja likipungua mashine inavuta upande. Bomba la kutupia nililipulizia silikoni, theluji ya majimaji isinate ndani. Kitu kimoja tu sikufanya: kufungua kijitabu cha maelekezo. Nani anasoma kijitabu?

Asubuhi moja mashine ikameza zulia la mlangoni. Theluji ilikuwa imelifunika na mimi nimelisahau. Nikasikia "tak!", parafujo ya kulia, lile chuma la mbele lililosokotwa linalokokota theluji, ikasimama huku ya kushoto ikizunguka. Nikazima, nikachomoa ufunguo na waya wa plagi ya injini, nikapiga magoti kukata nyuzi za zulia kwa kisu. Ndipo nikaiona pini inayoifunga parafujo kwenye mhimili wake imekatika. Chuma laini, cha ovyo. Nikasema hawa watu wametubania. Nikaenda kwenye kopo langu la bolti, nikachagua moja ngumu ya unene uleule, nikaikaza kwa spana mbili. Mama watoto alikuwa amesimama pale zulia lilipokuwa. "Umeangalia kijitabu?" Nikamjibu bolti ni bolti.

Wiki mbili nikatamba.

Kisha usiku mmoja gari la kusafisha barabara likapita, likaacha lile tuta lake la theluji mdomoni mwa njia yetu, na kufikia asubuhi lilikuwa limeganda. Nikaliingia kwa gia ya kwanza. Mashine ikaguguna, ikarusha mabonge, nami nikaisukuma kwa kifua, jambo ambalo halina faida yoyote kwa mashine inayojiendesha. Ikakutana na bonge moja. Injini ikanguruma chini, ikashika pumzi, halafu kikatoka kishindo kizito nilichokisikia kwenye viwiko kabla ya masikio. Injini ikawa nyepesi ghafla. Matairi yanazunguka, feni ya nyuma inavuma, lakini parafujo zote mbili kimya.

Nikazima. Nikachungulia. Kati ya zile parafujo mbili pana giaboksi ndogo, kisanduku cha gia zinazozizungusha, inatoshea viganjani. Ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, na kutoka kwenye ufa tone la oili lilikuwa linakusanyika polepole, la rangi ya asali. Likavimba. Likaning'inia. Likadondoka kwenye theluji, likachimba kitobo chenye ukingo wa manjano. Nikasubiri la pili, sijui kwa nini. Likaja. La tatu likaja. Na pembeni, bolti yangu imekaa pale pale, nzima, haina hata mkwaruzo.

Fundi alipofungua akakuta gia ya shaba imenyolewa meno. Akaishika ile bolti, akaniangalia, hakusema kitu. Ningependa angesema.

Jioni ile nikakifungua kijitabu. Ndani ya mfuko wake wa plastiki kulikuwa na pini nne za akiba, zimekuwamo tangu siku ya kwanza. Kimeandika wazi kwamba pini imewekwa ikatike ili giaboksi ipone, na kwamba mtu asiweke bolti ya kawaida. Maandishi meusi, mazito. Siwezi hata kusingizia macho.

Siku hizi pini za akiba nimezifungia kwenye mpini kwa utepe, na zulia jipya tunalitoa mlangoni kila mawingu yakikaa vibaya.

Binti hakuniachia. Chakula kikiwa mezani akarudi na kipande chake, na safari hii nikamweleza yote. Akafikiri kidogo. "Kwa hiyo ile mbovu ndiyo ilikuwa nzuri?"

Nikamwambia amuulize mama yake. Mama yake akasema yeye alishauliza swali lake siku ile, bado anasubiri jibu.