Orodha ya wakulima iliyogoma kusomeka

Nina steshenari ndogo Mwanjelwa, Mbeya. Kazi zangu ni kutoa kopi, kuchapa barua na kupiga pasipoti saizi. Siku moja akaja katibu wa kikundi cha wakulima wa parachichi kutoka Rungwe, flashi mkononi. "Mwanangu, mnunuzi anataka orodha yetu iwe XML. Wewe si mtu wa kompyuta?"

Nikamwambia, "Hamna shida, mzee." Shida ilikuwepo. XML ni namna ya kuandika taarifa ndani ya tegi, yaani vibandiko vinavyoiambia kompyuta kila kipande ni nini.

Kwenye flashi kulikuwa na mafaili mawili ya orodha ileile. La kwanza ni la zamani, lililohifadhiwa kama ukurasa wa wavuti kutoka kwenye programu ya ofisi. La pili ni .docx, yaani la Word. Nililifungua la zamani kwa Notepad nikaona tegi kila mahali, na neno xml lenyewe limo pale juu. Nikaona kazi imekwisha. Nikabadilisha mkia wa jina ukawa .xml, nikatuma. Mnunuzi akajibu mchana uleule: halisomeki.

Nikalipitisha kwenye xmllint, programu ya kukagua XML, makosa yakajaa skrini. Kulikuwa na width=198 bila alama za nukuu, na 
 tegi za br (za kukata mstari) zisizofungwa. Kanuni za XML, zilizopitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, mwaka 1998, hazina huruma: kila tegi ifungwe, zisipishane, thamani zote ziwe ndani ya nukuu, na faili zima liwe chini ya tegi moja tu. Kivinjari kitakusitiri ukikosea kwenye ukurasa wa wavuti wa kawaida. Kisomaji cha XML kinatakiwa kukataa.

Nikageukia .docx. Faili la namna hii, ambalo Office imelitumia tangu toleo la 2007, ni zipu tu. Nilibadilisha mkia ukawa .zip, nikaingia folda ya word, nikachukua document.xml na kuipitisha kwenye xmllint kwa --noout, ili isichapishe faili lenyewe kwenye skrini. Kimya. Ukiitumia hivyo, kimya maana yake umefaulu. (Faili za LibreOffice, programu nyingine ya ofisi, nazo ni hivyohivyo, ila humo utafute content.xml.)

Basi nikatafuta "Kiwira" nihesabu wakulima wa huko. Wengine hawakuonekana, na kwenye karatasi wapo! Kumbe neno limekatwa: "K" iko ndani ya w:t (tegi ya Word ya kubebea maandishi) moja, "i" ndani ya nyingine, "wira" ndani ya nyingine tena. Nadhani mtu aliandika "Kwira", siku nyingine akarudi kuchomeka ile i, na Word huweka kumbukumbu ya kila kikao cha uhariri. XML ni safi kabisa, lakini imejali zaidi jinsi waraka ulivyochapwa kuliko kilichomo. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba mnunuzi hakuhitaji waraka wa Word hata ukiwa safi. Alihitaji tegi za jina, kijiji na idadi ya miche.

Nikaandika skripti fupi kwa Python, lugha ya kuandikia programu: ipite kila safu ya jedwali, kila kisanduku iunganishe w:t zote zilizomo, kisha itoe tegi zangu. Nikatuma kwa majigambo. Likakataliwa tena.

Safari hii kosa lilikuwa langu. Kikundi kimoja kinaitwa "Upendo & Amani". Ndani ya .docx ile alama imeandikwa &, kama XML inavyotaka. Python ilipoisoma ikanirudishia & tupu, nami nikaibandika hivyohivyo, maana nilikuwa naunganisha maneno kwa mkono. Yaani Word niliyokuwa naisengenya imepita, mimi nimefeli! Nikaiachia ElementTree, maktaba ya Python ya kushughulikia XML, iandike yenyewe, na faili likapokelewa.

Katibu alilipa, akaniachia na mfuko wa parachichi, akanishukuru kwa Kinyakyusa: "Ndaga fijo, mwanangu." Wiki iliyofuata akarudi na bei, safari hii kwenye Excel. Nikaifungua zipu yake: visanduku vya majina vina namba tupu, maneno yenyewe yamehifadhiwa kwenye faili jingine, sharedStrings.xml. Nikamwomba aje kesho.