Dirisha la Sidi Saiyyed

Mama mdogo alipokwisha kubadilishiwa goti, kazi yangu pale Ahmedabad, jimbo la Gujarat, India, ikawa kukaa pembeni ya kitanda na kumsikiliza akiilalamikia dali. Wagujarati huitia sukari guru, na yeye tangu lini akala dengu tamu? Asubuhi moja akachoka na mimi pia.

"Wewe mtoto, hebu toka ukaone mji wa watu. Umenikalia hapa kama mdai."

Nikatoka.

Ilikuwa Januari, siku chache kabla ya Uttarayan, sikukuu ya tarehe 14 ambapo watu hupanda mapaani kurusha tiara kuanzia alfajiri. Barabarani vijana walikuwa wamezungusha nyuzi kwenye miti na nguzo, wakitembea huku na huko wakizipaka kwa mikono ujiuji wa rangi ya waridi. Ndani ya ujiuji ule mna unga wa chupa. Uzi ukikauka unakata, na hilo ndilo shindano lenyewe: kukata uzi wa tiara ya jirani. Bahati mbaya hukata pia mabawa ya ndege na shingo za wapanda pikipiki, ndiyo maana niliona pikipiki nyingi zimefungwa waya uliopinda mbele ya usukani ili kuzuia uzi. Dereva wa bajaji iliyonibeba alinionyesha kovu kidoleni, akacheka, akasema mwaka huu tena atapanda paani.

Halafu akaniangalia kwenye kioo. "Africa?" Nikaitikia. "Siddi?" Hilo sikulielewa. Nikamwambia Tanzania, akatikisa kichwa kwa ile namna yao ambayo hujui ni ndiyo au siyo, tukaendelea.

Manispaa ya pale ina matembezi ya kuongozwa tangu 1997. Yanaanzia kwenye hekalu la Swaminarayan, Kalupur, na kuishia Jama Masjid. Katikati unapenya kwenye pol, mitaa ya vichochoro yenye lango lake, ambalo zamani lilifungwa usiku wakabaki ndani watu wa ukoo au kazi moja. Mwongozaji wetu alikuwa na haraka. Sultani Ahmad Shah kauanzisha mji 1411, sawa. UNESCO 2017, mji wa kwanza India nzima kuingia kwenye Urithi wa Dunia, sawa, twendeni. Mimi nilikuwa nabaki nyuma kwenye milango. Mbao zilizochongwa maua, nguzo nyembamba za baraza, viroshani vinavyokaribia kugusana juu ya kichochoro: aliyewahi kupotea Mji Mkongwe wa Zanzibar angejua yuko kwa nani. Baadhi ya milango ya kule inaitwa ya Kigujarati mpaka leo, na wenyewe ndio hawa. Kila baada ya hatua kadhaa kuna chabutro, kijumba juu ya nguzo kilichojengwa kwa ajili ya kulishia ndege. Watu hao hao, fikiria, wiki hiyo hiyo wanapaka nyuzi unga wa chupa.

Jama Masjid ni ya 1424, ina nguzo 260 na uwanja mpana wa mawe. Minara yake ilianguka kwa tetemeko la 1819, vimebaki visiki vyake tu. Ni msikiti mkubwa wa kuheshimika, ila baada ya picha mbili tatu nilikuwa nimetosheka. Ashramu ya Gandhi, yaani makao yake na wafuasi wake, alikotokea Machi 1930 kwenda kwa miguu mpaka baharini kuchota chumvi, iko ng'ambo ya mto Sabarmati, niliiacha.

Nilichokuwa nakitaka ni msikiti mdogo niliouona kwenye ramani ya mwongozaji. Uko karibu na Lal Darwaja, katikati ya barabara kabisa, magari yanauzunguka yakipiga honi. Aliujenga Sidi Saiyyed, Mhabeshi aliyekuwa katika msafara wa jemadari mwingine Mhabeshi, mwaka 1572 kuingia 1573, wakati ule ule majeshi ya Akbar, mfalme wa Wamoghuli, yakiuchukua mji na usultani wa Gujarat ukizikwa.

Nilivua viatu, nikaingia, nikakaa chini. Ukuta wa kibla una madirisha ya nusu duara, ya jiwe lililotobolewa. Katika moja mti umesimama na mtende ubavuni mwake, matawi yanajipinda, yanapishana, yanarudi, mpaka dirisha zima limejaa na bado mwanga unapita. Nilijaribu kufuata tawi moja kwa macho kutoka shinani, nikalipoteza. Nikaanza upya, nikalipoteza tena. La katikati, ambalo ungetegemea ndilo liwe bora, limezibwa kwa mawe matupu. Watu husema Akbar aliwahi kabla ya mafundi kumaliza.

Nje, karibu na geti, mtu alikuwa anauza chai. Ningeapa ni wa Tanga. Nikamwita, "Vipi kaka, za hapa?" Akanikodolea macho, kisha akacheka mpaka akaweka birika chini, akanijibu Kigujarati kitupu. Kijana mmoja akajitolea kutafsiri kwa Kiingereza. Jamaa ni Msiddi. Wazee wake walitoka Afrika, wapi hasa hakuna anayejua, na kuna Wasiddi wengine wanaishi karibu na msitu wa Gir, ambao ndio makao ya mwisho ya simba wa porini wa Asia. Akataka kujua kama kwetu tuna simba. Nikamwambia wengi tu. Hakuamini kwamba wanawazidi wa Gir, tukabishana kupitia kijana wa watu, na pesa ya chai akaikataa.

Jioni nikamsimulia mama mdogo yote. Dirisha hakulijali. "Ana mke? Watoto wangapi? Wanaozana wao kwa wao?" Sikuwa na jibu hata moja, akasonya.

Siku tuliyoruhusiwa kuondoka akaamuru teksi ipitie kule kabla ya uwanja wa ndege. Dereva akasimama ubavuni mwa msikiti. Mama mdogo akainua macho, akautazama ule mti wa jiwe kwa kitambo, akasema, "Zuri, wallahi." Kisha akashusha kioo akaanza kumtafuta muuza chai. Hakuwepo. Nyuma yetu foleni imejaa, kila mtu anapiga honi, dereva anatokwa jasho, nami namkumbusha ndege.

"Mwambie naye apige," akasema. "Labda atatusikia."