Naisubiri Nzoia kwa simu

Ushauri uliotuponza Budalang'i ni huu: "Hakuna wingu, lala." Mwaka 2020 nililala, maji yakanikuta kitandani, na mchana wake jua lilikuwa limewaka kweli kweli. Nzoia, mto wetu, haiulizi mvua ya kwetu. Inaanzia milima ya Cherangani na Elgon, inatembea kilomita zaidi ya 250 ndipo iingie Ziwa Victoria, hapa kwetu. Sisi ni mkia wake.

Basi nikaanza kumpigia shangazi, anayeuza ndizi karibu na daraja la Webuye, huko juu ya mto. Nilimwomba atazame jiwe moja tu, lile wanalofulia akina mama. Likizama, nahamisha mahindi, maana maji ya kwake hunifikia kesho yake jioni au kesho kutwa.

Masika yaliyofuata akaniambia, "Jiwe liko wazi, mwanangu, hata nguo zimeanikwa juu." Usiku wa pili mto ukapanda. Nilisimama kwenye tuta na tochi, nikimulika mti niliouchimbia kando ya maji na kuutia alama kwa rangi ya kucha ya mke wangu. Alama ya tatu imezama, ya nne inalambwa. Tulibeba magunia gizani, mawili yakalowa. Nilimkasirikia shangazi, nikidhani hakwenda kutazama.

Asubuhi binti yangu akafungua ramani ya shule, akaweka kidole Webuye, akakishusha polepole. "Baba, na hii?" Isiukhu, ya upande wa Kakamega. Na Lusumu. Na Kuywa, itokayo Elgon. Maji ya mito hiyo yote huingia Nzoia chini ya Webuye! Shangazi alisema kweli; maji ya Koitobos na Moiben, mito inayoingia juu ya Webuye, humpitia, ya hii mingine hayampitii. Nilimpigia nikamwomba radhi.

Sasa napiga simu tatu: shangazi, shemeji wa bodaboda anayevuka Isiukhu kila siku, na mkulima wa miwa Mumias niliyesoma naye. Salio la shilingi hamsini hivi hunitosha wiki. Usiulize "mto umejaa?", utajibiwa umejaa tu. Uliza jiwe, uliza nguzo ya daraja. Nikiambiwa maji ni mekundu na yamebeba magogo, sisubiri simu ya pili.

Msimu uliopita shemeji alipiga alfajiri: "Ile nguzo siioni." Kufikia jioni mama, mbuzi na magunia vilikuwa mahali pa juu. Jirani alikuwa mlangoni, anatazama mbingu.

"Mbona hakuna wingu?"

Nikamwachia mkokoteni wangu.