Kona ya ndani

Juzi yule binti yangu mdogo, si mnamjua, wa maswali, alikuwa anacheza gemu la mpira kwenye simu ya mama yake. Kamera ikajiingiza kichwani kwa golikipa, akaona mdomo kwa nyuma, meno yanaelea, ndani hamna kitu. "Baba, mbona huyu mtu ni mtupu?" Nikamwambia watu wa kwenye gemu ni ganda tu, pembetatu maelfu zimeungwa pembe kwa pembe kama wavu wa kuku uliovishwa nguo. "Na za kazini kwako?" Zangu zimejaa mpaka ndani, maana chuma kinabeba mzigo kwa mwili mzima, siyo kwa ngozi. Akarudi kwenye gemu lake. Mimi ndo nikabaki nimekaa, akili iko Mwanjelwa, Mbeya.

Mwaka 2012, mradi wa mwisho wa chuo. Kulikuwa na mzee mmoja anaunda matela ya pawatila, yale ya kushushia viazi toka Uporoto, nikachagua kile kipande cha umbo la L kinachoshika mkono wa tela. Nikapima urefu, unene, matundu ya bolti. Kona ya ndani sikuipima, kona ni kona bhana. Nikachora, nikaachia programu ikikate kipande kizima kuwa vijipiramidi, ndo meshi yenyewe, halafu ihesabu mkazo, yaani nguvu inayokibana au kukivuta chuma kwa kila eneo lake, kipimo chake megapaskali.

Vipande vya milimita 10: megapaskali 118. Safi, maana chuma cha kawaida kinaanza kukunjika jumla kwenye 250 hivi. Sasa tulifundishwa ukipunguza vipande jibu linatakiwa litulie. Nikaweka milimita 5, ikaja 161. Mbili na nusu, 221. Na ujue ukigawa nusu pande zote vipande vinakuwa mara nane, laptopu yangu ya kuazima ilikuwa inanguruma kama kinu cha kusaga, Juni ile baridi ya Mbeya nikawa naota moto pale pale kwenye feni yake. Saa tisa usiku ikatoka ya mwisho: 303. Haitulii! Inapanda tu. Asubuhi natakiwa kukabidhi kazi.

Nikaandika 118. Nikapata A.

Wiki iliyofuata nikampelekea mzee picha yake, nimeiprinti kwa rangi stesheneri, bluu huku, kijani kule, na kidoa chekundu kwenye kona. Shikamoo mzee. "Marahaba injinia." Akafuta mikono kwenye ovaroli, akavaa miwani, akaiangalia muda mrefu mpaka nikaanza kuona aibu, halafu akaweka kidole, kucha nyeusi ya grisi, juu kabisa ya kile chekundu. "Hapa ndo panakatikaga."

Nikamuuliza umejuaje. "Mwanangu, yalinirudia matela matatu, yote yamekatikia hapa hapa. Tangu siku hiyo kona kali siachi." Akanishika mkono, akanivuta kwenye kipande alichotoka kukipiga grainda, akakiingiza kidole changu kwenye kona. Bado kina moto. Na siyo kona kabisa, ni mviringo, laini, kidole changu kidogo kililala mle kama kimepimiwa.

Nikahisi masikio yanachemka. Kona kali kama niliyoichora, kwa hesabu zile, haina jibu, mkazo unapanda bila mwisho kadiri unavyokata vipande vidogo. Yaani nilikesha natafuta ukweli wa kitu ambacho kwenye ile karakana hakipo. Ningeuliza tu! Ila na ile picha, kwa uongo wake wote, si ilionyesha pale pale palipovunja matela yake matatu? Hapo mpaka leo sijui nijihesabieje.

Sikumwambia kitu. Akaomba ile karatasi, akaigongomelea ukutani, wateja wakija anawaambia hii imepimwa na kompyuta.

Baadaye sana nikaja kusoma habari za Sleipner A, jukwaa la mafuta la Norwe lililozama tarehe 23 Agosti 1991. Meshi ya kuta zake ilikuwa mbovu, mkazo wa kukata, ule unaotaka kuukata ukuta kama mkasi, ukahesabiwa pungufu kwa asilimia 47, zege likapasuka, maji yakaingia, dude zima likaenda chini. Hakufa mtu. Nilipoisoma niliwaza tela la viazi kwenye mteremko.

Mwaka juzi nikapita pale, sasa anafanya kazi kijana wake. Karatasi bado ipo, jua limeila, nyekundu ndo imetangulia kufutika, pale kwenye kona pamebaki peupe. Ile 118 ya wino mweusi inasomeka vizuri tu. Kijana akaniuliza, "Eti kaka, wewe ndo yule injinia?" Nikasema ndiyo, nikaomba maji ya kunywa.