Mwani wa kwenye mawe ulivyonionyesha uchafuzi wa mto

Vipimo vya kemikali vilikuwa vinaniambia mto ni salama, ilhali harufu ya jioni ilikuwa ikikataa. Chupa ya sampuli hushika maji ya dakika ile tu. Majitaka yakimwagwa usiku, asubuhi yameshapita. Nilihitaji shahidi anayelala mtoni.

Nikamgeukia dayatomu, mwani wa seli moja wenye gamba la silika, ule unaotanda juu ya mawe kama utelezi wa kahawia. Kila spishi ina kiwango chake cha uchafu inachokivumilia, na kwa kuwa mwani huu huzaliana upesi, mchanganyiko wa spishi hubadilika ndani ya wiki chache maji yakiharibika.

Nilichagua sehemu mbili, moja juu ya bomba la majitaka, yaani maji yanakotoka, na nyingine chini yake, yanakoelekea, zote zenye mwanga na kasi ya maji inayolingana. Hapa usiharakishe: kivuli peke yake hubadilisha mwani, ukaja kulisingizia bomba bure. Niliokota mawe kadhaa kwenye maji yanayokwenda, nikayasuuza taratibu, nikausugua upande wa juu kwa mswaki mpya. Kila sehemu na mswaki wake, la sivyo sampuli huchanganyika. Kwanza nilitazama tone bichi kwa hadubini kuhakikisha seli zi hai, maana mkondo huleta magamba matupu kutoka mbali. Kisha nikahifadhi kwa ayodini.

Kusafisha sampuli kwa haidrojeni peroksaidi, ili yabaki magamba tu, ni kazi ya maabara, tena kwa glavu na miwani, kwani huunguza. Baada ya hapo ni kuhesabu magamba 400 kwa kila slaidi, kwa ukuzaji wa mara 1000. Macho huchoka kwelikweli.

Juu ya bomba ilitawala Achnanthidium minutissimum, spishi ya dayatomu inayopenda maji safi. Chini yake ilikuwa imebaki kidogo mno, nafasi yake imechukuliwa na Nitzschia palea na Gomphonema parvulum, spishi zinazostahimili uchafu wa kioganiki, yaani wa vitu vinavyooza kama majitaka. Mwani haukunitajia kemikali, ila ulinipa sababu ya kurudi usiku na chupa, na amonia, dalili ya majitaka, ikaonekana. Wahusika niliwapelekea picha za slaidi zote mbili bega kwa bega. Zilieleweka haraka kuliko majedwali yangu.

Sasa nasugua mawe hayo kila msimu wa maji machache. Mafuriko huondoa mwani, hivyo baada ya mvua kubwa nasubiri kama wiki nne uote upya.