Nilivyokusanya kadi za mchezo uliokufa, na nilivyomnyamazisha mpwa wangu

Ukitaka ushauri wa kukusanya kadi za Vs. System, mchezo wa kadi wa mashujaa wa vitabu vya katuni, usimuulize anayeziuza. Jamaa mmoja hapa Columbus, Ohio, alinikazania ninunue maboksi ambayo hayajafunguliwa ya DC Origins, toleo la mwaka 2004. Eti ndiyo njia ya haraka! Pakiti ina kadi 14 na hujui ni zipi hadi uichane. Nilichana hadi vidole vikauma. Wahalifu wa Arkham, maadui wa Batman, wakajaa meza nzima, Teen Titans niliowataka, timu ya mashujaa vijana, wakatoka wawili watatu. Hela iliyokwenda pale ingeninunulia matairi ya baridi.

Upper Deck waliacha kuutoa mchezo huu mwaka 2009, na hapo ndipo akili yangu ilipofanya kazi, najisifu bila haya. Nikawatafuta waliokuwa wakicheza enzi hizo. Siku hizi wana watoto, na makasha yamewajazia gereji. Kadi adimu sikuziulizia kabisa. Niliomba makasha ya kadi za kawaida, kwa bei ya chakula cha mchana hivi, nibebe yote bila kuchambua. Mtu anakushukuru kwa kumpunguzia uchafu, kumbe adimu zimo humo humo. Savage Beatdown zangu nne, kadi ya kumwongezea nguvu anayeshambulia, nilizipata hivyo, na nne ndiyo mwisho unaoruhusiwa kwa kadi moja. (Zinazong'aa zivalishe plastiki mapema, hujikunja.)

Sasa uchezaji. Mpwa wangu, mzaliwa wa hukuhuku, huchezea Arkham na alikuwa akinicheka sana. Kila mmoja anaanza na uhai 50. Kila zamu unalaza kadi moja kifudifudi, yoyote ile, iwe rasilimali ya kuwaingiza wahusika. Wengi hulaza wasizozitaka. Mimi hulaza hila zangu bora, yaani kadi za mbinu kama Savage Beatdown, maana kadi ya hila ikilala pale bado unaweza kuifunua baadaye. Ni kama kukalia turufu. Mpinzani anahesabu za mkononi tu.

Siku moja tunacheza, mkononi sina kadi hata moja. "Mjomba, umekwisha, kubali tu," ananiambia, na upande wake kabaki na Joker peke yake. Nikawatuma Titans watatu wadogo kwa pamoja, kwa kuwa wa timu moja huunganisha nguvu, na Joker akijibu anamwangusha mmoja tu. Akapiga hesabu, akacheka: hazitoshi. Nikafunua Savage Beatdown ya kwanza, nguvu tano juu. Kimya. Nikanywa chai kidogo. Nikafunua ya pili. Joker chali, uhai wa mpwa ukakatwa kwa gharama ya kumwingiza Joker, na kwa kuwa hakuna mwingine aliyesimama, Titan wangu wa nne akampiga mpwa mwenyewe moja kwa moja, uhai wake ukashuka hadi chini ya sifuri.

Tangu hapo ananisumbua nimwambie nilizitoa wapi zote nne. Simwambii. Gereji za mji huu sijazimaliza.